Kitabu Alichokishona Bila Kukisoma

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo: mtu akikishika kitabu mara elfu moja, akaujua uzito wake, harufu yake na sauti ya karatasi zake, lakini asiwahi kukisoma, utasema anakijua kitabu hicho au hakijui?

Basi Mama Gundi alikuwa mtu wa namna hiyo. Miaka thelathini na mmoja alijalidi vitabu katika shule ya sekondari, kwenye chumba kidogo nyuma ya maktaba, chenye meza moja ndefu, dirisha moja na sufuria ya gundi iliyopikwa kwa unga wa ngano. Vitabu vilivyochanika vililetwa kwake. Alivifumua, akavipanga upya, akavishona kwa sindano ndefu na uzi uliopakwa nta, akavivika majalada mapya, akavibana chini ya matofali mawili yaliyofungwa magazeti ili yasichafue. Ukimfumba macho ukamwekea kitabu mkononi, alikuambia kina kurasa ngapi, na akikosea ni kwa kumi tu. Lakini kukisoma? Hata siku moja. Yeye aliishia darasa la saba, na akilini mwake riwaya za sekondari zilikuwa kama ofisi ya mkuu wa shule: unaingia kufagia, hukai.

Aliyekaa ni dada yake. Huyu dada alifundisha fasihi shuleni hapohapo, na hata baada ya kustaafu kila mtu alimwita Mwalimu, hata muuza mboga, hata Mama Gundi mwenyewe wakiwa mbele za watu. Zamani, walipokuwa wasichana, mama yao aliugua, na ikabidi mmoja abaki kumuuguza na mmoja aendelee na masomo. Akaenda mkubwa, akabaki mdogo. Hakuna aliyelia, na hakuna aliyeulizwa. Mama alipopona, mdogo alikuwa ameshapelekwa kwa fundi wa kujalidi kujifunza kazi, na mambo yakaenda kama yalivyokwenda.

Sasa kila Jumamosi, saa kumi alasiri, Mwalimu alikuwa na kikao sebuleni kwake. Walikuja wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye mvi zao, kuvisoma upya vitabu alivyowafundisha. Wa kudumu walikuwa wawili. Mmoja Mkunga, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Wa pili Karani, mwanamume mwembamba, mpole, ambaye aliongea kama mara moja kwa mwezi. Mkunga hakuchoka kumtania kwamba zamani darasani aliwahi kubishana na Mwalimu, akidai binamu yake ana kitabu kilekile lakini kirefu zaidi. Akaambiwa akae chini asivuruge somo, na amekaa mpaka leo.

Na Mama Gundi alikuja pia, kila Jumamosi. Kumimina chai.

Hakuna aliyemtuma, tuseme ukweli. Siku ya kwanza kabisa alikuja na gauni lake la bluu, lile la harusi za watu, akasimama mlangoni akitafuta pa kukaa. Viti vilikuwa vinne. Vitatu vina watu, na cha nne, kilichokuwa dirishani penye mwanga mzuri, kilibeba rundo la magazeti. Mwalimu alimwona amesimama, akamuuliza, "Mdogo wangu, unataka nini?"

"Sina neno, Mwalimu," akajibu upesi. "Nimekuja kuwaangalizia chai."

Ulimi hauna mfupa. Tangu siku hiyo birika likawa lake, na kiti kikabaki na magazeti mwaka mzima. Lakini kila alipopita na trei alikitupia jicho. Alichotaka kilikuwa kitu kimoja tu: akae pale, na mtu amgeukie amwambie, "Na wewe unaonaje?"

Sasa ikafika zamu ya Kitabu cha Kijani. Ndivyo kilivyoitwa, kwa rangi ya jalada lake, na hakuna mtu aliyepita shule ile asikisome. Ni habari ya ndugu wawili, wana wa fundi wa kufuli. Baba anakufa, ufunguo wa karakana unapotea, mdogo anamshutumu mkubwa kuwa ameuficha, anaondoka kwa hasira na kukaa ugenini miaka kumi na mmoja. Mwisho anarudi, anasimama mlangoni pa nyumba yao, anagonga. Kitabu kinaishia hapo. Kwa mwisho huo Mwalimu alikuwa na somo maarufu, Somo la Mlango, ambalo wanafunzi walilikumbuka hata walipokwisha kusahau hesabu zote: nani alikuwa ndani?

Mwalimu alipokifungua kitabu chake Jumamosi hiyo, nakala aliyotoka nayo shuleni, kikamfia mkononi. Kurasa zikamwagika mapajani.

"Kichukue, mdogo wangu," akasema. "Tutaanza Jumamosi ijayo. Utakuwa umekishona?"

"Mwalimu, lini nimewahi kukuangusha kwa uzi?"

"Kwa uzi, hujawahi," akasema Mkunga, "ila chai ya leo ina maji mengi kuliko bafu."

Mama Gundi naye alikuwa amestaafu, lakini sufuria yake ya gundi haikustaafu. Jumatatu asubuhi akaweka meza barazani, akapika gundi, akasubiri ipoe kidogo. Uani mume wake, fundi baiskeli, alikuwa amegeuza baiskeli ya mtu miguu juu akizungusha gurudumu. Gundi ikikataa kupoa, mikono hukosa kazi, na mikono ikikosa kazi macho hutembea. Macho yake yakaangukia mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza: *Baba yetu alitengeneza kufuli mia tatu, lakini nyumba yetu haikufungwa hata siku moja.*

Akausoma tena. "Ajabu," akajisemea. "Mbona namwelewa?"

Maana alitazamia maneno magumu ya mlimani, akakuta maneno ya jikoni. Akavuta kigoda. Alisoma kwa kidole, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Neno likimshinda alilirudia; lisipofunguka aliliacha likae, na mara nyingi ukurasa wa pili ulikuja kulifungua wenyewe. Gundi ikapoa, ikaganda, ikafanya ngozi juu. Hakuwa na habari nayo.

"Muulize kwanza kaka yako, mpumbavu wee!" akafoka mara moja.

Mume wake akainua kichwa. "Mpumbavu nani tena? Mimi sina hata kaka."

"Si wewe, baba watoto. Huyu hapa. Anaondoka na kifurushi chake bila kuuliza."

"Kisa?"

Akamweleza. Kesho yake akamweleza kilichofuata, na keshokutwa pia. Ikawa mzee wa watu akisikia tu kitabu kimefungwa anaacha spana na kuja kukaa ngazini, mikono myeusi kwa grisi, akiuliza, "Enhe? Ufunguo umeonekana?" Siku mbili za kwanza alimtetea mdogo, siku ya tatu akahamia kwa mkubwa. Alhamisi akakasirika na wote wawili, akasema watu wa namna hiyo hata kufuli hawastahili.

Mama Gundi naye alikuwa anajishangaa. Riwaya aliyoiogopa maisha yake yote ilikuwa inamtii. Alijua mtu gani ni mwongo kabla mwandishi hajasema. Alijua mama yule wa sura ya tano analia wapi na kwa nini anajificha ghalani. "Kumbe ndiyo hii tu?" akawaza, na si kwa dharau, ni kama mtu aliyezunguka mto miaka mingi, akaingia siku moja, akakuta maji yanaishia magotini.

Ijumaa adhuhuri akafika mwisho. Ukurasa wa mia moja na sitini, mstari wa chini kabisa: *Akagonga. Ndani, mtu akasimama.*

Akafunua. Jalada.

"Enhe?" mume wake akauliza. "Nani kasimama?"

"Basi. Kimekwisha."

"Kimekwisha vipi? Mtu kasimama halafu?"

"Mwalimu anasema mwandishi katuachia swali. Ndiyo uzuri wake."

"Uzuri gani huo! Elimu haina mwisho nimesikia, lakini kitabu? Mimi nikimrudishia mtu baiskeli bila gurudumu la nyuma, nimwambie nimekuachia swali?" Akainuka, akajifuta mikono kwa tambara. "Labda nyinyi huko shuleni mlikikata."

Aliyasema kwa utani tu, akarudi kwenye baiskeli yake. Lakini Mama Gundi alibaki ametulia, kidole kwenye mstari ule. Kama msomaji, angeridhika. Mwalimu ameridhika nao miaka mingapi? Ila yeye hakuwa msomaji tu. Alikuwa fundi. Akakifumua chote, akaipanga mikunjo mezani. Kitabu, kwa asiyejua, si karatasi mojamoja; ni mikunjo, na kila mkunjo wa kitabu hiki ulikuwa na kurasa kumi na sita. Mikunjo kumi kamili. Mia moja na sitini. Hadithi ikaisha sawasawa na karatasi, kama kitambaa kilichokatwa dukani. Na tangu lini mwandishi akapimiwa hadithi yake kwa rula?

Akalishika jalada la nyuma, akalibonyeza kwa kidole gumba. Lilikuwa nene. Akalishika la mbele: nene pia, lakini gumu. La nyuma lilikuwa na ulaini kidogo, kama mto uliotiwa pamba haba.

"Ooo," akasema. "Ooo, mama yangu."

Ikamrudia yote. Mwaka wake wa pili kazini, msichana wa miaka ishirini na tatu. Makasha mawili yaliletwa kutoka shule nyingine iliyofungwa, vitabu arobaini vya kijani, migongo imeliwa na mende. Aliagizwa avijalidi vyote kabla muhula haujaanza, na kadibodi nene hakuna. Kulikuwa na manila nyembamba tu. Akavifumua vyote siku moja, akapanga marundo kwenye ile meza ndefu. Rundo la mwisho lilikuwa la vikunjo vidogo, karatasi nne nne, na lilikuwa limelala kifudifudi. Juu yake ulionekana weupe mtupu. Hakugeuza. Karatasi za akiba, akajua, zile ambazo wachapaji huziacha mwishoni bila maandishi. Basi akatengeneza majalada: manila, katikati kitu cha kunenepesha, manila tena, na gundi juu. Ya mbele aliyanenepesha kwa kalenda kuukuu. Ya nyuma, kwa vile vikunjo vyeupe. Tena alijisifu kwa mkuu wa maktaba kwamba katika vitabu arobaini hajatupa hata karatasi moja.

Na kweli, hakutupa.

Akachemsha maji, akalishika jalada juu ya mvuke, akaligeuzageuza bila haraka. Gundi ya ngano ina fadhila moja: hata ikikaa miaka mingapi, ukiibembeleza huachia. Akapitisha kisu chake cha mfupa pembeni, akasukuma kidogo kidogo. Manila ikafunuka. Kikunjo kikatoka kizima, kimeloa na kuwa cha manjano pembeni. Akakigeuza. Ukurasa wa mia moja na sitini na moja.

Alisoma amesimama. Kurasa tano. Alipomaliza akakaa kwenye kigoda, akacheka peke yake, halafu hakucheka tena.

Maana sasa jambo lilikuwa hivi. Somo la Mlango lilikuwa fahari ya dada yake. Miaka ishirini na sita alilifundisha. Watu walimsimamisha njiani kumkumbusha. Leo mdogo wake, wa darasa la saba, aende kumwambia kwamba swali lake kubwa lilikuwa limegundishwa ndani ya jalada? Na yeye mwenyewe je? Wangesema Mama Gundi alikula mwisho wa kitabu, watoto wa watu wakahangaika. Gundi ilikuwepo. Manila ilikuwepo. Angerudisha kikunjo mahali pake pa maficho, na Jumamosi angemimina chai kama kawaida, na asingejua mtu.

"Nani kasimama?" mume wake akaita kutoka uani. "Nimesikia umecheka. Umeupata mwisho, eti?"

"Baba watoto, ungesahau kufunga breki ya baiskeli ya mtu, ungefanyaje?"

"Ningemkimbilia."

"Na kama ameshaiendesha miaka?"

Mzee akafikiri. "Ningemkimbilia kwa aibu. Lakini ningemkimbilia. Haya, nani kasimama?"

"Kesho utasikia," akasema, na tayari alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Kosa lilikuwa lake, alilijua lilipoanzia. Na kulitengeneza hakuna aliyejua kumzidi. Akakausha kikunjo kwa pasi ya uvuguvugu, akakishona mahali pake, cha kumi na moja, kwa fundo lile analofunga mara mbili. Kitabu kilipokuwa tayari akakipima mkononi. Sasa kilikuwa na uzito wake.

Jumamosi akavaa gauni la bluu. Alimkabidhi Mwalimu kitabu, kimefungwa kwa karatasi, akaingia jikoni. Lakini birika hakuliwasha. Alisimama mlangoni pa jikoni, mikono ameikunja, akasikiliza.

Mwalimu hakufungua karatasi. Somo hilo alilijua kwa moyo. "Tuanze mwishoni, kama desturi yetu. Akagonga. Ndani, mtu akasimama. Nani?"

"Mama yao," akasema Mkunga. "Nilisema hivyo shuleni, na sasa nimezalisha watoto elfu mbili nasema hivyohivyo. Mama hachoki kungoja."

"Mama alikufa sura ya nane."

"Basi mzimu wake. Karani, wewe?"

Karani akatazama viatu vyake. "Mimi niliambiwa nikae chini."

"Ni kaka yake," akasema Mama Gundi.

Wote watatu wakageuka. Mwalimu akatabasamu, lile tabasamu la kumwonea mtu huruma. "Ni wazo zuri, mdogo wangu. Lakini hilo ni swali lisilo na jibu."

"Lina jibu, dada. Ukurasa wa mia moja na sitini na moja."

"Kitabu kina mia moja na sitini."

"Kilikuwa nazo. Fungua karatasi hiyo."

Mwalimu akafungua. Akavaa miwani, akafunua kurasa za mwisho. Mama Gundi akaeleza yote bila kupunguza: makasha, mende, manila, rundo lililolala kifudifudi. "Nilitazama weupe wa juu, sikugeuza. Vitabu arobaini. Kosa ni langu, si la mwandishi wala si lako."

Kisha Mkunga akapasuka kicheko mpaka vikombe vikalia mezani. "Miaka yote hiyo! Jamani! Na mimi nilipewa saba kwa kumi kwa ajili ya yule mama!"

Karani, taratibu, akainuka kitini, akanyoosha koti lake. "Mwalimu," akasema, "mwaka ule uliniambia nikae chini. Naomba ruhusa ya kusimama."

"Umeshasimama," akasema Mwalimu kwa sauti kavu. Hakucheka. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Akamnyooshea mdogo wake kitabu. "Soma wewe. Wewe ndiye uliyekikuta."

Mama Gundi akasoma, amesimama, kidole chini ya mstari, bila haraka na bila kuomba radhi kwa kidole. Alisoma jinsi kaka mkubwa alivyofungua, asimkumbatie, asimkaripie, akampa mdogo wake kufuli mbovu na bisibisi. Jinsi walivyofanya kazi meza moja mpaka mchana bila neno. Jinsi ufunguo ule ulivyokutwa zamani kwenye mfuko wa koti la baba, koti ambalo hakuzikwa nalo. Na maneno ya mwisho, ya kaka: *Baba hakufunga nyumba hii, nami sikuifunga. Wewe ndiye uliyegonga.*

Akafunga kitabu.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga yake. "Nimewafundisha watu kungoja mlangoni," akasema, "kumbe mlango haukufungwa." Akamwinulia mdogo wake macho, na safari hii hakukuwa na tabasamu la huruma. "Na wewe unaonaje?"

Mama Gundi alikuwa amelingoja neno hilo mwaka mzima, lakini hakuwa na pupa. "Naona kaka amesema kweli, ila nusu," akajibu. "Mlango wazi hautoshi, dada. Aliyeko nje anaona mlango, haoni moyo wa aliye ndani. Huyu kaka alisikia mtu anagonga, akasimama. Vizuri. Lakini mdomo alikuwa nao. Kwa nini hakusema karibu?"

"Na aliyeko nje?" Mwalimu akauliza polepole. "Yeye hakuwa na mdomo?"

"Alikuwa nao," akasema Mama Gundi. "Hapo umenishika."

Mwalimu akainuka, akaenda dirishani, akalibeba rundo lote la magazeti kifuani mwake kama mtoto. Hakuwa na pa kuliweka, akabaki amesimama nalo katikati ya sebule.

"Mdogo wangu," akasema, "unataka nini?"

"Nataka kiti hicho, penye mwanga," akasema Mama Gundi. "Kitabu cha mwezi ujao nitachagua mimi. Na chai ya leo, dada, mimina wewe. Sukari vijiko viwili."